Kiharusi na chembe nyeupe: kuzizuia au kuziacha?

Ukiuguza mtu wa kiharusi hapa Moshi, hukosi jirani wa kukwambia, "Ubongo umevimba huo, kamnunulie deksa." Deksa, yaani deksamethasoni, ni steroidi, dawa ya kutuliza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa kinga ya mwili. Wazo lenyewe si la kupuuzwa. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, chembe nyeupe aina ya neutrofili hufika ndani ya saa chache. Zinanata kwenye mishipa midogo, zinaiziba, na zinatoa kemikali zinazolegeza ukuta unaoukinga ubongo. Maji yanapenya, uvimbe unaongezeka. Kwa panya wa maabara, kuzizuia chembe hizo kulipunguza madhara.

Kwa binadamu haikuwa hivyo. Mwaka 2001 yalichapishwa majaribio ya enlimomabu, dawa ya kuzuia chembe nyeupe zisishike ukuta wa mshipa. Waliopewa waliishia na hali mbaya zaidi, na walikufa wengi zaidi, kuliko waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kiini cha tiba. Deksamethasoni na steroidi wenzake nazo hazijathibitika kuleta faida kwenye kiharusi. Na kumbuka, bila kipimo kama CT, picha ya ndani ya kichwa, huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Kwa nini dawa hizo zishindwe? Chembe nyeupe hazikuja kuharibu tu. Katika siku zinazofuata, chembe hizo ndizo zinazozoa seli zilizokufa ili ukarabati uanze. Tena baada ya kiharusi kikubwa kinga ya mwili mzima hushuka, na nimonia ni miongoni mwa vinavyoua sana wagonjwa hawa. Hapo mtori wetu wa ndizi unahusika. Mama kalazwa chali, mdomo umepinda, binti anamlisha kijiko baada ya kijiko kwa mapenzi yote. Mgonjwa anakohoa kidogo, sauti inakuwa ya majimaji, na mtori umeshaingia njia ya hewa. Ukimwongezea dawa ya kushusha kinga, mapafu hayo yatalindwa na nini? Asilishwe chochote, hata maji, kabla muuguzi hajampima kumeza akiwa ameketi wima.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuziacha, mpaka ipatikane dawa inayojua saa ya kuzuia na saa ya kuachia. Kiharusi cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni habari nyingine, maana pale chembe nyekundu zenyewe ndizo chanzo. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto walio hatarini, waliotambuliwa kwa ultrasaundi ya mishipa ya ubongo, kulipunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Dawa ya haidroksiurea nayo inasaidia. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu aulize kliniki kuhusu kipimo hicho cha ultrasaundi sasa, mtoto angali anacheza.