Saa Mbili za Prepu Anazonyimwa Mtoto wa Shule ya Kutwa

Kila Januari runinga zetu hurudia habari ileile: mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru au Mathare amefanya vizuri, ameitwa shule ya sekondari ya kitaifa, hana karo wala sanduku. Wasamaria wema wanajitokeza, anasindikizwa hadi langoni, picha zinapigwa. Nafurahi naye kama kila mtu. Wenzake wa darasa lile walioanza wiki hiyohiyo katika shule ya kutwa iliyo nyuma ya soko hawafuatwi na kamera yoyote, na hao ndio wengi.

Kwa maoni yangu, tumeshughulika mno na swali la nani ameitwa wapi. Haki ya elimu Nairobi itaamuliwa na yale yanayofanyika katika shule za kutwa, hasa baada ya kengele ya mwisho.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimepanga siku ya mwanafunzi saa kwa saa. Masomo huisha saa tisa na nusu, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na moja kasorobo. Hapo wa kutwa anafunga begi. Wa bweni anaoga, anakula, na saa moja na nusu anaingia prepu, yaani kipindi cha kujisomea jioni, hadi saa tatu na nusu, taa inawaka, mwalimu wa zamu anapitapita. Ni saa mbili kila siku. Kwa muhula wa wiki 13, Jumatatu hadi Ijumaa, hizo ni saa 130. Mwisho wa kidato cha nne wote wawili wanafunguliwa karatasi moja ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari.

Wa kutwa anarudi Kayole au Kwa Njenga. Chumba cha mabati, futi 10 kwa 10, pazia limetenganisha kitanda na jiko. Mama yuko kibandani akiuza mboga hadi usiku, kwa hivyo ugali utasongwa na binti, na mdogo wake ataogeshwa naye. Jirani amefungulia redio. Meza ya kusomea ni kitanda chenyewe, vyombo vikishaoshwa, kama stima haijapotea. Kesho yake mwalimu atauliza kwa nini hesabu hazijakamilika, na huenda akamwita mvivu. Katika KCSE ya 2024, waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, kwenda juu walikuwa 246,391, takriban mmoja kati ya wanne. Tukitaka kujua wale wengine watatu walipotelea wapi, tungeanzia kwenye kitanda hicho.

Kwenye karatasi shule ya kutwa ni ya bure. Serikali ya Kibaki ilianzisha mpango huo mwaka 2008, na mgao wa sasa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haimudu tena kiasi hicho. Kinachotoka ni kama 16,900. Toa, unabaki na pengo la 5,344 kwa kila mtoto. Kwa shule ya wanafunzi 600 hizo ni zaidi ya milioni 3.2 kila mwaka, yaani mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi ya shule, kemikali za maabara na bili ya stima. Prinsipali hachapishi pesa. Anamgeukia mzazi kwa majina mengine: motisha, maendeleo, karatasi za mtihani, chakula. Asiyelipa anatumwa nyumbani, na Ibara ya 53 ya Katiba, inayosema elimu ya msingi ni bure na ya lazima, inabaki kitabuni.

Chakula ndicho kinachoniudhi zaidi. Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa chakula shuleni, Dishi na County: mtoto wa shule ya msingi ya umma anagusisha bangili kwenye mashine, analipa shilingi 5, anapakuliwa. Mpango ulilenga chekechea na shule za msingi. Kijana wa miaka 16 anakula kuliko mtoto wa miaka tisa, na hapo ndipo tunapomwambia ajitegemee.

Halafu kuna mtaala mpya. Gredi ya 10 ya kwanza, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, iliingia Januari 2026, na serikali inataka asilimia 60 wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Katika shule nyingi za kutwa maabara ni chumba kimoja, na mtihani wa vitendo wa kemia hufanywa kwa zamu: kundi la kwanza liko na bureti (mirija ya kupimia kimiminika), la pili limezuiliwa darasani lisionane nao. Kabla ya siku hiyo wengi walikuwa wakimtazama mwalimu akifanya majaribio mbele, na walioketi nyuma wakiona mgongo wake.

Nairobi School ilifunguliwa 1931 kwa jina la Prince of Wales, kwa ajili ya wana wa walowezi. Lenana ilikuwa Duke of York. Mawazo yetu kwamba shule bora sharti iwe ya bweni yana asili hapo. (Starehe, iliyoanzishwa 1959 kwa ajili ya wavulana maskini, ilithibitisha kwamba milango inaweza kufunguliwa, ila hata yenyewe ina vitanda vya kuhesabika.) Kangemi haiko mbali na Nairobi School, wala Kawangware na Lenana. Sioni sababu ya maabara za shule za kitaifa kukaa zimefungwa Jumamosi asubuhi wakati shule jirani haina bureti za kutosha.

Nataka pia shule za kutwa ziwe na prepu, na najua pingamizi litakalotangulia: usalama. Giza Nairobi huingia mwendo wa saa moja, mwaka mzima, na hakuna mzazi anayetaka binti yake akipita vichochoroni saa tatu. Basi madarasa yabaki wazi hadi saa kumi na mbili na nusu kamili, pamoja na Jumamosi asubuhi. Kinachohitajika ni mwalimu mmoja wa zamu, mlinzi, stima na kikombe cha uji. Pesa za basari, yaani msaada wa karo, ambazo mara nyingi humpendelea wa bweni kwa sababu karo yake ni kubwa, zitengewe fungu la kazi hiyo, lilipwe shule moja kwa moja.

Hofu yangu mwenyewe ni nyingine. Tunajua jinsi masomo ya ziada yalivyogeuzwa biashara, hadi Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikapiga marufuku yale ya likizo. Prepu hii isiwe na mwalimu anayefundisha ubaoni wala risiti ya aina yoyote. Ni kiti, taa na kimya. Kamati za basari zikiketi tena, wazazi wa kutwa wafike na kuuliza kwa sauti: kati ya pesa hizi, shule zetu zimetengewa ngapi za jioni?