Kigari cha Ufukweni: Inama Kwanza Uangalie Magurudumu

Kila nikimwona mtu anachagua kigari cha kubebea vitu vya ufukweni kwa kuhesabu mifuko ya pembeni na kupapasa kitambaa, natamani nimwambie: ndugu yangu, inama kwanza uangalie magurudumu.

Changu cha kwanza nilikinunua kwa kupenda sura. Kinakunjika vizuri, kitambaa kinene, mpini unarefuka. Kwenye lami kilikwenda chenyewe. Tulipoingia kwenye mchanga mkavu, yale magurudumu manne membamba ya plastiki ngumu yalizama mpaka kwenye ekseli, na hatua kumi baadaye nilikuwa nalima, sikokoti tena. Mama, ambaye magoti yanamsumbua, alisimama juani muda wote nikihamisha mizigo mmoja mmoja kwa mikono, na kiti chake kilikuwa chini kabisa ya rundo. Hilo liliniuma kuliko pesa niliyotoa.

Chembe za mchanga mkavu hazishikani. Ukizilemea mahali padogo zinakimbilia pembeni, gurudumu linashuka. Tuseme una mzigo wa kilo 40 kwenye magurudumu manne: kila moja linabeba kama kilo 10. Gurudumu lenye upana wa sentimita 4 litaukandamiza mchanga mara tano kuliko la sentimita 20, ikiwa yote mawili yanagusa chini kwa urefu uleule. Ndiyo maana vigari vinavyouweza mchanga vina matairi mapana kama maputo, yenye upepo kidogo, yanayobonyea na kutandaza uzito. Ukiyajaza yakawa magumu, umeyaondolea faida yake. Kipenyo nacho kisidharauliwe, kwa sababu gurudumu kubwa huupanda mchanga unaojikusanya mbele yake, lakini dogo huusukuma tu mpaka likwame.

Mimi nimeegemea kwenye kigari cha magurudumu mawili makubwa. Cha manne kinasimama chenyewe, kweli, na kama njia yako yote ni ya mbao au saruji sina ubishi. Ila kwenye mchanga, yale ya mbele yanayozunguka huku na huku ndiyo hugeuka upande na kuchimba. Cha mawili unakivuta nyuma yako, na ukipanga vitu vizito karibu na ekseli, mkono haulemewi.

Uzito ulioandikwa kwenye boksi usikudanganye. Kigari kinaweza kubeba kilo 70 bila kuvunjika, lakini kuzivuta kwenye mchanga ni habari nyingine. Kumbuka lita 20 za maji peke yake ni kilo 20, hujaweka mwavuli wala boksi la barafu.

Matairi ya puto yana kero yake: hayakunjiki. Pima buti la gari kabla ya kununua, na uulize kama yanachomoka bila spana. Kuhusu mpini, jaribu kuuvuta ukiwa umesimama wima. Ukilazimika kuinama, au kigari kikikugonga visigino, kiache. Sakafu ya wavu naipenda kuliko ya turubai kwa kuwa mchanga unadondoka njiani, haufiki nyumbani.

Halafu chumvi. Beringi za chuma cha kawaida zikishaingiwa na maji ya bahari na mchanga, hazikawii kushika kutu na kuanza kulia. Kila tukirudi nakimwagia maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwenye ekseli, kisha nakianika kivulini.

Njiani huwa nautafuta mchanga uliolowa mapema kadiri inavyowezekana, maana unyevu huzishikanisha zile chembe na kigari hutembea kama kwenye sakafu. Na kiti cha mama sasa nakipakia mwisho, juu ya vyote, kiwe cha kwanza kushuka.