Kiwanja cha watoto cha mtaani kwetu kiko wapi?

Leo asubuhi basi la abiria limesimama katikati ya barabara hapa Kawaguchi, nje kidogo ya Tokyo, likisubiri watoto wa chekechea wavuke. Wadogo kabisa walikuwa wamesimama ndani ya toroli kubwa la kusukumwa, wameshikilia kingo, kila mmoja na kofia ya rangi ya darasa lake. Waliowazidi umri kidogo walifuata nyuma wawili wawili, wameshikana mikono. Mwalimu mmoja anasukuma, mwenzake amenyoosha mkono kuzuia magari. Dereva hakupiga honi. Hakuna abiria aliyetoa kichwa dirishani kuuliza tunachelewa nini. Watoto wakapunga mikono, dereva naye akawapungia, basi likaondoka. Nilifurahi sana, kisha nikashikwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo imenikalisha kuandika.

Walikuwa wanakwenda kwenye bustani ya mtaa, ile ile ninayompeleka binti yangu wa miaka miwili karibu kila asubuhi. Msifikirie mahali pa fahari. Kuna shimo la mchanga ambalo jioni hufunikwa wavu ili paka wasije kulichafua, bembea, kitu cha kuteleza, bomba la maji, choo na viti vya sisi kina mama. Basi. Lakini ziko kila mahali, na hazikujiotea. Kipimo walichojiwekea katika mipango ya miji ni kwamba bustani ndogo ya mtaa iwe na ukubwa wa robo hekta na ihudumie nyumba zilizo ndani ya mita 250. Mita 250 ni safari ambayo mtoto wa miaka miwili anaitembea kwa miguu yake, akisimama kuangalia sisimizi, na bado akafika akiwa na nguvu za kucheza.

Humo ndimo malezi yanapofanyika. Kila koleo na kila ndoo ya plastiki imeandikwa jina la mwenyewe. Mtoto akitaka ya mwenzake, mama yake anachuchumaa pembeni na kumfundisha kuomba. Akinyimwa, anafundishwa kungoja. Kwenye bembea wanapanga foleni hata wale ambao hawajaweza kusema sentensi nzima. Ikikaribia saa sita mchana kina mama wanakung'uta mchanga kwenye viatu na kila mtu anarudi kwake, watoto wale na kulala. Siku ya mvua tunakwenda kwenye nyumba ya watoto ya manispaa, yenye vitabu, midoli, sakafu safi ya kutambaa, na mfanyakazi anayekuuliza mtoto anakulaje siku hizi. Hatulipi hata yeni moja. Nchi nzima ina nyumba kama hizo zaidi ya 4,000. Jioni vipaza sauti vya mtaa hupiga muziki, na watoto wanajua muda wa kurudi umefika, kama sisi tulivyojua kwamba adhana ya magharibi isitukute nje.

Na hapo ndipo ninapoumia. Sisi tulikuwa nje! Mtaani kwetu Temeke, Dar es Salaam, tulikuwa na kiwanja. Hakikuwa na bembea wala benchi, kilikuwa na vumbi na mwembe mmoja, lakini tulicheza rede, kombolela na mdako mpaka tukaitwa kwa majina yote matatu. Wadogo walikaa chini ya mwembe wakijipikilisha kwa vifuu na mchanga, na bibi yeyote aliyekuwa kibarazani alikuwa na haki ya kuwagombeza. Leo kiwanja kile kimejaa fremu za maduka, na nyuma ya fremu kuna ghala. Mpwa wangu, mwenye umri wa binti yangu, anashinda ndani na dada wa kazi, geti limefungwa, katuni kuanzia asubuhi. Simlaumu mama yake hata kidogo. Akimtoa nje atamweka wapi? Kwenye njia ya bodaboda?

Nilipoyasema haya kwenye kundi la familia nilijibiwa upesi: "Dada, wewe ushakuwa Mjapani. Usituletee dharau." Naomba nisikilizwe. Mtu anayedharau kwao hapotezi usiku wake kuandika habari za kwao. Ningekuwa nimewadharau ningeweka picha za maua ya cheri, mkanipongeza, yakaisha.

Kuna atakayesema Japani ni nchi tajiri. Tajiri leo, ndiyo. Lakini sheria yao ya ustawi wa watoto, inayotaja viwanja vya kuchezea na nyumba za watoto kwa majina, ni ya mwaka 1947. Miji yao ilikuwa imeungua kwa mabomu, watu walikuwa wanahangaika kupata chakula. Katika hali ile waliona kwamba mahali pa mtoto kucheza ni jambo la kuandikwa katika sheria. Sheria ya bustani za mijini ikafuata mwaka 1956. Kwa hiyo msiniambie tusubiri tutajirike kwanza. Kiwanja cha vumbi hakihitaji mkopo wa benki ya dunia. Kinahitaji kisiuzwe.

Mwingine atasema Wajapani hawazai, ndiyo maana wana nafasi. Ni kweli leo hawazai; mwaka 2024 watoto waliozaliwa na Wajapani hapa hawakufika 700,000. Lakini kati ya 1947 na 1949 walikuwa wakizaa zaidi ya milioni 2.6 kila mwaka. Walitenga maeneo ya watoto wakati watoto wamefurika, wakati ambao kila mita ya ardhi ilikuwa na mtu wa kuitaka. Yaani hali yetu sisi sasa hivi. Tena ukienda kwenye mitaa ya Tokyo iliyobanana, yenye vichochoro ambavyo gari halipiti, utakuta kipande kisichozidi nyumba mbili kimeachwa, na bembea moja ndani yake.

Chekechea nazo zina kipimo. Kwa kila mtoto wa miaka miwili kwenda juu panatakiwa mita za mraba 3.3 za kuchezea nje, na chekechea isiyo na uwanja wake inaruhusiwa kutumia bustani iliyo karibu. Ndiyo maana ya yale matoroli barabarani kila asubuhi. Kwetu mtu anageuza sebule na korido kuwa chekechea, anapaka ukutani herufi na picha ya tembo, analipwa ada, na hakuna anayemuuliza watoto watakimbia wapi.

Mwezi Mei 2019, katika mji wa Otsu, magari mawili yaligongana kwenye makutano na moja likawaparamia watoto wa chekechea waliokuwa matembezini. Wawili walifariki, wote wa miaka miwili. Nchi nzima ililia. Baada ya msiba ule zilikaguliwa njia ambazo watoto wa chekechea hupita, zikawekwa kingo za chuma pale palipohitajika, na serikali ikaanzisha maeneo maalumu ya tahadhari kuzunguka chekechea. Watoto wakaendelea kutoka nje. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu najua sisi tungesema nini: mzazi wao alikuwa wapi? Mtoto akigongwa na bajaji mtaani kwetu hilo ndilo swali la kwanza, na mara nyingi la mwisho.

Sasa msidhani nimeuza akili yangu. Hapa pia kuna watu wanaochukia kelele za watoto. Mji wa Nagano ulifunga kiwanja cha watoto mwaka 2023 baada ya malalamiko ya kelele kutoka kwa jirani, na Tokyo ililazimika mwaka 2015 kubadili kanuni zake ili sauti za watoto wadogo zisihesabiwe kama kelele za kuzuiwa. Nilipolisoma hilo nilijivunia kwetu kwa moyo wote. Kwetu hakuna mzee atakayekwenda serikali ya mtaa kushitaki kicheko cha mtoto. Kwenye treni hapa, binti yangu akilia, mgongo wangu unaloa jasho. Kwenye daladala angeshapakatwa na mama asiyenijua, amepewa na kashata. Wanawake wa hapa bado wana desturi ya kurudi kwa mama zao kujifungua, kama sisi tunavyofanya kwa uzazi wa kwanza, lakini arubaini ikipita wengi hubaki peke yao na mtoto, mume anarudi usiku. Bustanini nimezungumza na kina mama ambao siku nzima mimi ndiye mtu mzima wa kwanza kuwasemesha. Kuhusu watu, tumewashinda, na nitalisema popote.

Kwa hiyo anayeniambia "sisi tunapenda watoto" ananipa hoja yangu mwenyewe. Tunawapenda kweli, ndiyo maana sielewi. Tunawapenda, na tunauza mahali pao pa kukimbilia. Sherehe ya kipaimara au ya hakika tunachangishana mpaka mamilioni, lakini siku ya kwanza ya msingi kuchimbwa kwenye kiwanja chetu cha Temeke hatukukusanyika hata watu kumi kuuliza kibali kimetoka wapi. Wajapani si malaika. Wameandika, wamepima, wamechora kwenye ramani, na mtu akitaka kugusa kipande cha watoto lazima ajibu maswali.

Mitaa yetu mingi haikupimwa, najua. Iliyopimwa ina ramani ya mipango miji, na kwenye ramani hiyo maeneo ya wazi yameonyeshwa. Nimemwomba kaka yangu aende ofisi ya serikali ya mtaa aombe kuiona ya kwetu. Ameambiwa arudi wiki ijayo. Atarudi, na kama kuna jirani wa pale anayesoma haya, nampa namba ya kaka waende pamoja, maana mtu mmoja huambiwa arudi tena na tena, na watu ishirini hutafutiwa viti.