Haikuwa matapishi, ilikuwa protini

Tuanze na ile stori Kevo wa akaunti ameposti na video kwa grupu ya ofisi, ati nilitapika kwa matatu nikakunywa matapishi yangu, sai imefika mpaka kwa grupu ya kanisa ya mamangu, amenipigia saa kumi na moja asubuhi kuniuliza nilianza pombe lini. Sikutapika kwa matatu. Na kwa vile sikutapika, siwezi kuwa nilikunywa matapishi yangu. Kile nilikunywa ni kitu ingine kabisa, na nikimaliza kuwaeleza mtasema heri ingekuwa matapishi.

Mnajua niko na kilo 62 na nimekuwa nazo tangu fomu foo. Mwezi uliopita nikajiunga na jim huku Zimma, mtaa wetu wa Zimmerman hapa Nairobi, koch akaniangalia mikono vile mama mboga huangalia sukuma ya jana. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia asubuhi chai na mandazi, mchana ugali sukuma, jioni ugali sukuma. Akauliza, na protini? Nikamjibu sukuma. Jamaa akaweka chuma chini polepole akaenda kukunywa maji.

Aliporudi akanifunza vizuri tu, siwezi mlaumu. Mtu wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo yake kwa siku, anayebeba vyuma apige na 1.6, kwa hivyo mimi ni gramu 99. Yai moja ni kama gramu 6. Hapo nikapiga hesabu ya mayai 16 kila siku ndani ya bedsita iko na dirisha moja, nikaona landilodi ananirudishia diposti. Koch akaniambia si lazima mayai, kuna ndengu, maharagwe, maziwa, omena (wale dagaa wa ziwani), hata githeri hii yetu, mahindi ikikosa kitu maharagwe inaongezea. La muhimu nigawanye, kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni.

Hapo kwa kugawanya ndio sikusikia. Ju ukweli ni gani, mimi sikuwa nataka githeri. Nilikuwa nataka chupa. Ile chupa ya kutingisha, chaka chaka chaka, mtu akikuona anajua huyu hutoka jim. Sasa ile poda ya kuweka ndani nikaenda kuuliza bei, nikaambiwa, nikajifanya nimepigiwa simu nikatoka dukani nikiongea peke yangu.

Ndio nikakumbuka omena. Omena ikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini tupu, na Githurai unajaziwa karatasi kwa mia mbili. Hiyo ni poda imekosa tu mtu wa kuisaga! (Wewe unasoma hii ukishika kichwa, tulia, bado.) Jumapili jioni nikatupa kwa blenda mala (maziwa lala) nusu lita, ndengu kikombe kimoja za jana, karanga, ndizi mbili zilikuwa zimeiva mpaka zinanuka pombe, sukari vijiko vinne ya kuua shombo, halafu omena. Na vichwa vyake. Sikuiosha mchanga, sikuikaanga. Ikatoka rangi ya simiti. Kwa hesabu yangu hapo kulikuwa na gramu 60 na ushee, zaidi ya nusu ya ile ya siku na sijatafuna kitu. Friji sina, nikafunga chupa kabisa kabisa nikaiweka hapo kando ya jiko ilale.

Asubuhi nikaona kifuniko kimevimba kidogo. Nikafikiria ni nguvu.

Nikapanda mat ya 44, moja ya zile nganya, matatu za ngoma kubwa, spika yake iko chini ya siti, na mimi mkoba nikauweka hapo chini juu ya spika. Kutoka Roysambu mpaka Muthaiga, na ile jam ya Jumatatu, ni kama dakika arobaini chupa inapigwa na besi na joto ya injini. Kevo alikuwa siti ya nyuma, sikujua. Kando yangu alikuwa msupa mmoja amevaa trak ya jim. Mbele yangu mzee mmoja wa heshima zake, koti ya kahawia, gazeti, na kipara safi kinang'aa.

Tukafika Muthaiga, gari imesimama ndi. Nikaona hapa ndio mahali. Nikatoa chupa taratibu, nikamtupia msupa jicho, nikatingisha. Chaka. Akaangalia. Nikaongeza. Chaka chaka. Chupa ilikuwa moto na ngumu kama jiwe, na ilikuwa inafanya sauti kama nyoka, lakini mimi niko hapo nakaza mkono ndio misuli itokee. Nikashika kile kifuniko kidogo na kidole gumba, nikasukuma.

Pap!

Kifuniko kiligonga taa ya rangi ya bluu juu ya dereva, hiyo niliisikia tu. Yenye niliona ni ile simiti ikipanda. Ilipanda juu na upole, kama iko na mahali inaenda, ikagusa paa, ikafikiria, halafu ikaanza kurudi. Tone moja kwa kioo. Tone moja kwa trak ya msupa. Na donge kubwa, saizi ya kijiko cha kupakulia, likatua katikati ya kipara cha mzee. Pwa. Halikuteleza. Lilikaa. Na hapo juu ya donge, nawaapia, kulikuwa na kichwa cha omena blenda haikukiona, kizima, jicho moja liko wazi, linaniangalia. Tuliangaliana na hilo jicho nafikiri sekunde tano. Mzee hakugeuka. Alikunja gazeti mara mbili. Akainua mkono polepole, akapapasa, akaleta vidole kwa macho.

Mama mmoja nyuma akapiga nduru, "Woi! Kijana anatapika! Fungueni madirisha!"

Kila mtu akasimama. Kondaa anasukumana kuja, anaitana mia tano ya kuosha gari kabla hata ajue ni nani. Na mimi, badala ya kunyamaza kama mtu ako na akili, nikasimama na chupa mkononi nikasema kwa sauti: "Jamani si matapishi! Ni protini!"

Hakuna aliyeniamini. Sasa hapa ndio Kevo alitoa simu, na hapa ndio ile video inaanza. Kuthibitisha kwamba si matapishi, nikainua chupa nikakunywa ile ilikuwa imebaki. Yote. Mbele ya watu. Gari ikanyamaza, hata dereva alizima ngoma. Mchanga nilikuwa nauskia kwa meno. Msupa akahamia mapajani mwa mtu hamjui.

Mzee ndio alivunja kimya. Alikuwa bado ananusa vidole. Akageuka, akaniangalia, na hakukuwa na hasira kwa uso, ilikuwa huzuni ya mtu wa ziwani. "Kijana. Hii ni omena?"

"Ndio, mzee. Pole sana, mzee."

"Na hii nyingine ni ndizi?"

"Ndio, mzee."

Akafunga macho. "Omena ilikukosea nini?"

Akanisomea hapo hapo, omena bado kwa kichwa. Unaosha na maji ya moto mchanga utoke, unakaanga mpaka ilie, kitunguu, nyanya, maziwa kidogo ukitaka, unakula na ugali kama mtu ako na mama. Watu wakaanza kuitikia kama kanisani. Nikamtolea leso, akaipanguza koti, ile ya kichwa akanirudishia kwa karatasi ya gazeti akasema nikazike.

Nikalipa mia tano, nikashuka, nikatembea mpaka Pangani na tumbo linaongea, kazini nilifika saa nne, mengine ya choo ya ofisi ni kati yangu na Mungu. Lakini hiyo mia tano inaniuma. Mia tano ni mayai 25 ya bob ishirini. Ni gramu 150!

Leo asubuhi nikasema wamesahau, nikaenda steji na kofia. Kondaa ni yule yule. "Protini! Ingia lakini fungua begi." Akanipekua kama askari wa supamaketi, laini yote inangoja. Akapata mayai mawili boilo kwa karatasi. Akanusa moja, akaliweka kwa sikio akatingisha, akalimenya akakula.

Nauli nililipa.