Nani Kafa? Mafuta ya Nazi na Baiskeli ya Kulala

Anayekuja kupimwa moyo kwa baiskeli ya kulala hupewa karatasi mapema: saa tatu kabla ya kipimo usile, kahawa iache tangu jana, vaa suruali na viatu vya raba, dawa za kupunguza mapigo usiziache mpaka daktari aseme, na kifuani usijipake kitu. Mzee wetu wa Kuze, Mombasa, aliisoma, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Kisha akaja na kikoi na makubadhi.

"Na kahawa, mzee?"

"Vile vikombe vidogo, mwanangu, vyahesabiwa?"

Daktari akasema tuendelee. Ingekuwa kile kipimo cha kutanua mishipa kwa dawa angerudishwa nyumbani, maana kahawa huizuia dawa ile isifanye kazi.

Akavua shati. Kifua kinang'aa kama sinia la shaba! Bi mkubwa hakukubali mumewe akafunuliwe mbele za watu hali amepauka, basi kampaka mafuta ya nazi.

Vibandiko vya ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, ni 10, na vyote vyataka ngozi kavu. Nikanyoa, nikaosha kwa sabuni, nikafuta kwa spiriti, nikangoja ikauke, nikasugua kidogo kwa msasa wake laini. Vya mikono na miguu hubandikwa kiwiliwilini, chini ya mitulinga na chini ya mbavu, kwani mguu ukipiga pedali mchoro huvurugika. Mchoro ukatoka safi kabisa.

Yakabaki mavazi. Kikoi na pedali haviivani, kwa hiyo mzee akaenda nyuma ya pazia kuvaa suruali ya wodi, bi mkubwa akamfuata kumsaidia. Wakakawia kidogo.

Tukamlaza nusu, miguu ikafungwa kwenye pedali, kitanda kikainamishwa kushoto ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua, ultrasaundi iuone. Aliambiwa mapema, na bado alimkamata daktari kola.

Tukaanza na wati 25, mizunguko 60 kwa dakika. Kila dakika 3 twaongeza 25 na kupima presha. Kwenye 50 jasho likaanza. Kibandiko cha chini kushoto kikateleza tumboni, kikaning'inia kwenye waya wake. Skrini ilikuwa yaonyesha lidi ya pili, mmoja wa mistari ya ECG, ambayo haina maisha bila kibandiko hicho. Mstari ukanyooka, tii.

Bi mkubwa alikuwa akichungulia. Mstari ule anaujua kwa filamu.

"Innalillahi! Kafa!"

Mzee, miguu yazunguka: "Nani?"

Daktari hata hakugeuka. Kwenye ultrasaundi moyo ulikuwa waruka vizuri tu. Nilipogusa lile tumbo nikajua walikawia wakifanya nini nyuma ya pazia. Spiriti ilikuwa imempausha mzee, na chupa ilikuwamo mkobani.

Nikafuta, nikabandika kipya, nikamvisha fulana ya wavu ishikilie nyaya. Kwa mtu wa miaka 58 tunatafuta mapigo 138, yaani asilimia 85 ya 220 ukitoa umri. Kwenye wati 100 mapaja yakagoma kabla ya pumzi, ndivyo yalivyo mtu akikanyaga amelala. Tukambembeleza mpaka 139, picha zikachukuliwa miguu ingali kwenye mwendo.

Nikaanza kubandua. Bi mkubwa akasogea, mkono umo mkobani.

"Mushamaliza? Basi sasa naweza kumpaka?"