Arudi wapi?

Kila mwaka wahitimu wa Jamaika, Guyana, Barbados na visiwa jirani huomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Sharti lake linajulikana: ukimaliza, unarudi kwenu ukakae angalau miaka miwili. Wengi hulisifu. Mimi naona linambana mwanafunzi peke yake, huku mwenye funguo za ofisi kule nyumbani hadaiwi chochote.

Sisi tuliopita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna mfano wetu. Walter Rodney wa Guyana alimaliza historia katika chuo kikuu cha Mona, Jamaika, mwaka 1963 kwa daraja la kwanza, akapata ufadhili wa kwenda London. Mwaka 1966, akiwa na miaka 24, alikuwa na shahada ya uzamivu. Akaja kufundisha Dar es Salaam, kisha Januari 1968 akarudi Karibi, palepale Mona. Si amerudi? Oktoba mwaka huohuo alikwenda mkutanoni Montreal. Ndege ilipomrudisha Kingston, serikali ikamkatalia hata kushuka. Wanafunzi wakaandamana, jiji likachafuka. Akarejea Mlimani, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoididimiza Afrika kikatoka. Mwaka 1974 akajaribu kwao Guyana. Chuo kikuu kilishampa uprofesa, serikali ikaufuta.

Mtasema ile ilikuwa siasa. Haya, mchukueni Arthur Lewis wa Saint Lucia. Alipopata skolashipu ya kisiwa chake ya kwenda kusoma Uingereza miaka ya 1930, moyo wake ulikuwa kwenye uhandisi. Lakini nani angemwajiri mhandisi mweusi? Si serikali ya kikoloni, si kampuni za Wazungu. Akasomea biashara London, akaishia na Nobeli ya uchumi mwaka 1979. Watu huipigia makofi Nobeli hiyo (nami hupiga), ila huwa nawaza madaraja ambayo hayakujengwa.

Hofu ya wenye sharti naielewa. Jamaika na Guyana ni kati ya nchi zilizopoteza sehemu kubwa mno ya wasomi wao kwa Marekani, Canada na Uingereza. Basi mkataba uwe na sahihi mbili. Kabla kijana hajapanda ndege, serikali yake iandike atapokelewa wapi na kwa kazi gani. Akirudi akakuta mlango umefungwa, miaka yake miwili ihesabiwe imekwisha.