Ngozi sio sufuria, acheni kuisugua

"Umeoga au umejimwagia maji?" Hilo swali nimekua nalo. Shangazi yangu ndo kanilea hapa Igoma, Mwanza, na kwake ukitoka bafuni mapema bas umeoga pasipoti, uso na mikono tu, rudi ndani. Kuoga kwake ni dodoki lile la asili, sabuni ya mche ile ile ya kufulia, na unasugua mpaka ngozi ilie kwii kama glasi, hapo ndo umetakata. Mi nikawa natakata ivyo asubuhi na jioni alafu usiku najikuna mpaka shuka zinapata damu, na ikifika mwezi wa sita mwezi wa saba kiangazi kimekolea ata usiseme, miguu inapasuka kama tope la ziwani lililopigwa jua. Watu wakasema ngozi yangu inachagua, yani kila kitu kinaiudhi. Na dawa? Sugua zaidi, huo ni uchafu ndo unawasha.

Sa mi nasema ivi, na najua kuna watu watakasirika: wengi wetu tunaosema tuna ngozi inayochagua, tumeichokoza wenyewe, na tumeichokoza kwa usafi.

Ngoja nieleze nilivyoelewa mimi. Ile ngozi ya juu kabisa unayoigusa ni seli zilizokufa, zimepangana tabaka kwa tabaka, na unene wake wote haufiki karatasi ya daftari. Katikati ya izo seli kuna mafuta ambayo ngozi inatengeneza yenyewe, ndo yamezishika. Kama umewahi kupanda kule milimani Mabatini au Bugarika utakua umeona zile kuta za mawe watu wanajenga kuzuia udongo, mvua ikipiga miaka mingi ile saruji ya katikati inaondoka, mawe yapo palepale ila maji yanapita yanavyotaka. Ngozi iliyosuguliwa ndo iko ivyo. Maji ya mwilini yanatoka nje (ndo ule ukavu), na vya nje vinaingia, marashi, jasho, vumbi, dawa ya nywele, vinakutana na mishipa ya fahamu na askari wa mwili wanaanza vita. We unachosikia ni muwasho.

Na sabuni inafanyaje? Kitu kile kile inachofanya kwenye sufuria uliyokaangia sangara, inakamata mafuta inaondoka nayo, haijui haya ya samaki haya ya mwenye mwili. Alafu kuna jambo la pH, yani kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unaongezeka, ngozi yenyewe inapenda uchachu kidogo, kwenye 5 ivi, wakati sabuni nyingi za kipande ziko 9 mpaka 10. Mtu mwenye ngozi imara ikivurugwa inajirudi baada ya masaa kadhaa, wala hajui kama kuna kitu kimetokea. Sisi wengine, hasa wenye pumu ya ngozi (ekzema) kwenye ukoo, haijajirudi vizuri jioni imefika na dodoki linakusubiri mlangoni.

Kitu kingine kilichonichelewesha, kila nikisoma mtandaoni wanasema angalia kama ngozi imekua nyekundu. Nyekundu wapi? Mi mweusi wa kutosha tu. Kwenye ngozi kama yangu ikivimba kwa ndani inaonekana nyeusi zaidi, au kama zambarau ivi, au kijivu, na ikipona inaacha doa linakaa miezi. Kwaiyo nilikua naona madoa nadhani ni uchafu, nasugua, yanaongezeka. Na madoa ndo yanawapeleka dada zetu kwenye mkorogo.

Mimi pia nilipita uko msinicheke. Nilinunua krimu kwenye kikopo kisicho na lebo, muuzaji akasema ni ya mitishamba, siku ya tatu muwasho kwisha, nikaona nimepata mkombozi. Nikapaka kama miezi miwili. Nilipoacha, mama yangu, uso uliwaka moto kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi akaniambia dalili zote za steroidi kali hizo. Steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, sio sumu, daktari akikuandikia kwa siku zake inasaidia kweli, shida ni kujipaka kila siku usoni bila kujua ni nini, ngozi inakonda inakua kama karatasi ya maandazi na inaanza kuitegemea hiyo krimu. Na mikorogo mingine ina zebaki au hidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini ila vinapita tu.

Ila jamani sio kila muwasho ni sabuni. Kama umetoka kuoga au kufua ziwani alafu mwili unawasha na vipele, fikiria kichocho, wale wadudu wanatoka kwenye konokono na wanatoboa ngozi nzima kabisa, ata isiyo na kidonda, nenda kapime. Na kama nyumba nzima mnajikuna usiku, uo huenda ni upele, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi, mnatibiwa wote kwa pamoja, losheni haitawasaidia.

Siku hizi naoga maji ya uvuguvugu, dakika chache, sabuni isiyo na harufu, na naiweka kwapani, sehemu za siri kwa nje na miguuni bas, mikono na mgongo maji yanatosha labda kama nimeshinda kwenye vumbi. Sijifuti mpaka nikauke, naacha unyevu alafu napaka mafuta ya mgando yasiyo na marashi, maana mgando hauongezi maji, unayafungia yale yaliyopo, ukipaka kwenye ngozi kavu umefungia ukavu. Ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote pale Makoroboi na kwangu kimeshinda losheni zote za elfu ishirini. Kitu kipya napaka kidogo kwa ndani ya kiwiko wiki nzima kabla hakijafika usoni. Na kofia. Huku tuko karibu na ikweta alafu juu kabisa, Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 toka usawa wa bahari, jua linapiga mwaka mzima na lingine linarudi toka kwenye maji. Nikisikia mtu anasema sanskrini, losheni ya kukinga jua, ni ya wazungu nachoka, pale Moshi wanatengeneza ya kwetu kwa ajili ya wenye ualbino, ambao jua likiwakosea ni saratani sio doa.

Shangazi bado haamini. Juzi kanikuta natoka bafuni, dakika tano tu, akauliza swali lake lile lile.

"Nimeoga shangazi."

"Bila dodoki? We si utakua unanuka?"

"Ninuse."

Akaninusa kweli. Akaguna mh, akaangalia mikono yake ilivyopasuka na chumvi ya samaki toka sokoni Mwaloni, akaondoka na kikopo changu cha mgando.